Maswali ya Wasomaji: Udzungwa kwa Miguu na kwa Masikio

Katika toleo lililopita tulichapisha picha moja ya hondohondo akiwa juu ya mti wa matunda karibu na Mang'ula, pamoja na maelezo ya mistari minne yaliyosema kwamba Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haina barabara za magari kwa ajili ya watalii, na kwamba mgeni huitembelea kwa miguu yake mwenyewe. Mistari hiyo minne imetuletea barua nyingi kuliko makala kadhaa ndefu tulizoziandika kwa jasho. Tumechagua barua saba, tumezifupisha, na tunazijibu hapa.

Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu na ninaishi Tabata, Dar es Salaam. Mke wangu nami tunapanga kuwapeleka watoto wetu wawili Udzungwa kwa siku nne. Mmoja ana miaka 14 na mwingine 9. Tumezoea Mikumi, ambako mtu hukaa ndani ya gari na wanyama hupita mbele yake. Je, huko tutafikaje, tutaona nini, na yule mdogo ataweza kutembea?

Ataweza, na huenda akawashinda ninyi wazazi, ilimradi siku ya kwanza msimpeleke mbali. Kutoka Dar es Salaam mnapitia Morogoro hadi mji mdogo wa Mikumi, kisha mnaiacha barabara kuu ya Iringa na kushika ile inayokwenda kusini, Kidatu na Ifakara. Mkiona mashamba ya miwa upande mmoja na milima iliyofunikwa na msitu upande wa pili, jueni mmekaribia; Mang'ula, yalipo makao makuu ya hifadhi, ipo kilomita kama 60 kutoka Mikumi. Asiye na gari anaweza kupanda treni ya SGR hadi Morogoro na kuunganisha na basi la Ifakara, au, kama ana subira na ratiba, akapanda treni ya TAZARA, ambayo ina stesheni Mang'ula kwenyewe.

Njia fupi kuliko zote huanzia karibu na lango na kuishia kwenye maporomoko madogo yaliyopewa jina la Prince Bernhard wa Uholanzi, aliyeifungua hifadhi hiyo mwaka 1992. Ni mwendo wa kilomita moja hivi, na hiyo ndiyo njia ya kumpima mtoto. Siku ya pili nendeni njia ya Sonjo, kilomita 2.5, na siku ya tatu Sanje. Njia ya Sanje huanzia kijiji chenye jina hilo, kilomita kama 10 kaskazini mwa Mang'ula, kwa hiyo mtahitaji usafiri wa kuwafikisha hapo. Kisha mtapanda na kushuka kwa muda wa saa 4 hivi, pamoja na mapumziko. Maporomoko yake yana urefu wa mita 170 yakishuka kwa hatua tatu, na ukifika juu unaliona Bonde la Kilombero limetandazwa chini kama mkeka, miwa, reli na vijiji vyote pamoja. Njia ya kilele cha Mwanihana, kilomita 38 za siku tatu, na ile ya Lumemo, kilomita 65 za siku sita, ziacheni hadi huyo mdogo awe na ndevu.

Kuhusu mtakachokiona, naomba muwaandae watoto mapema, maana aliyezoea Mikumi anaweza kununa. Tembo na nyati wapo, na ndiyo sababu kwenye njia ndefu hupewi ruhusa bila askari mwenye silaha; lakini mara nyingi mtaona kinyesi na nyayo, wala si wenyewe. Watakaowafurahisha watoto ni mbega wekundu wa Udzungwa, ambao nje ya milima hii na misitu michache ya Bonde la Kilombero hawapatikani popote duniani, na ambao karibu na makao makuu hawaogopi watu sana. Wamevaa kofia ya manyoya mekundu kichwani, na hukaa juu ya matawi wakiwatazama wageni kwa uso wa mzee aliyeamshwa usingizini.

Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, njia huwa utelezi mtupu na mito hujaa. Malipo ya kiingilio hufanywa kwa kadi au kwa namba ya malipo, si kwa fedha taslimu mkononi, na Mtanzania hulipa kwa shilingi kiwango kilicho chini sana ya kile cha mgeni wa nje, chukueni vitambulisho. Mang'ula ni mahali pa joto na mbu, kwa hiyo dawa ya kujipaka na chandarua visisahaulike. Suruali ziwe ndefu na soksi zivutwe juu yake, jambo ambalo sababu yake mtaisoma katika jibu linalofuata.

Mhariri, nimekuwa mtazamaji wa ndege kwa miaka kumi hapa Nairobi. Nikiwa Ziwa Nakuru au Naivasha ninahesabu aina 100 kwa siku bila taabu. Mwaka jana nilisafiri hadi Udzungwa kwa sababu ya sifa zake, nikatembea saa tatu nzima, nikaona ndege wanne. Je, sifa hizo si za kupambwa?

Ndege wanne kwa saa tatu ni hesabu ya kawaida kwa mtu anayetembea msituni kwa mwendo wa kufika mahali. Ziwani ndege wamekaa mbele yako kwenye mwanga, na kazi yako ni kuwatambua tu. Katika msitu wa Mwanihana, ambao ndio sehemu ya Udzungwa inayotembelewa zaidi, matawi ya juu yako mita 30 au zaidi kutoka kichwani pako, mwanga unaofika chini ni wa jioni hata saa sita mchana, na ndege wengi wa sakafuni wana rangi ya majani makavu. Mtu anayetembea hapo kilomita tatu kwa saa huwa anawatangulia ndege wote kwa kelele za viatu vyake.

Kuna jambo la pili, ambalo wageni wengi hawaambiwi. Ndege wadogo wa misitu hii hawajatawanyika sawasawa kama miti. Wengi husafiri katika makundi ya mchanganyiko, aina nane au kumi pamoja, wengine wakipekua magome, wengine chini ya majani, wengine wakidaka wadudu waliokurupushwa na wenzao, huku macho mengi yakilinda dhidi ya mwewe. Kwa hiyo unaweza kukaa dakika 50 bila kusikia hata mlio mmoja, ukaanza kuamini msitu umehamwa, kisha kwa dakika 6 ukashindwa kuamua utazame wapi. Anayetembea haraka huvuka sehemu zilizo tupu na kulipita kundi bila kujua. Anayesimama hufuatwa na kundi, kwa sababu lenyewe huzunguka.

Nikupe mfano. Asubuhi moja katika njia ya Sonjo, askari niliyekuwa naye alisimama ghafla akanionyesha ardhi. Siafu walikuwa wamevuka njia, msafara wenye upana wa kiganja, na upande wa juu wa njia walikuwa wametawanyika kama wavu mweusi juu ya majani makavu. Mbele ya wavu huo kila kitu kilikuwa kinakimbia: mende, panzi, buibui waliobeba mayai yao. Nikataka kuruka na kuendelea. Askari akanishika mkono. Baada ya dakika mbili akashuka ndege wa kahawia mgongoni na mweupe kifuani, akatua kwenye fito nyembamba nusu mita kutoka chini, akatazama kwa jicho moja, akadona, akarudi kwenye fito. Wataalamu humwita alethe kwa Kiingereza, na riziki yake kubwa ni kuwafuata siafu na kula wanaokimbia. Hana haja na siafu wenyewe. Akaja wa pili, kisha aina nyingine tatu ambazo kwa juma zima nilikuwa nimezisikia tu. Tulikaa hapo dakika 40. Gharama yangu ilikuwa siafu watatu walioingia ndani ya soksi, na askari, ambaye soksi zake zilikuwa zimevutwa juu ya suruali, alicheka hadi ndege wakaruka.

Ushauri wangu basi ni huu. Chagua kilomita moja ya njia, na uitembee kwa saa mbili. Uwe umeshaingia saa 12 na nusu asubuhi, kama utaratibu wa lango unaruhusu, kwa maana ifikapo saa 4 joto la bondeni huwanyamazisha wengi. Tumia masikio kabla ya macho. Ukisikia mlio mfupi wa kukwaruza kama pikipiki ndogo inayokataa kuwaka, ukarudiwa kila baada ya muda kutoka mahali palepale, tafuta tawi lililo wazi usawa wa paa la nyumba: ni ndege mdogo mwenye mdomo mpana anayeruka duara moja dogo na kurudi alipokuwa, na sauti hiyo haitoki kooni bali kwenye manyoya ya mabawa yake. Ukisikia juu ya miti mvumo kama wa mivukuto ya mhunzi, ni hondohondo wanapita; manyoya ya bawa lao yana nafasi chini ambazo hazikufunikwa, na hewa hupiga mluzi humo. Na kima wakianza kupiga kelele za hofu wote kwa pamoja, usiwatazame wao. Tazama juu, maana huenda tai mwenye kishungi yuko karibu, naye ni mwindaji wa nyani na kima.

Kipo na kisa cha majira. Juni hadi Agosti, baridi ikishika vileleni, baadhi ya ndege wa milimani hushuka hadi misitu ya chini, kwa hiyo mtu wa Mang'ula anaweza kuwakuta karibu na lango ndege ambao Desemba angewapandia siku mbili. Kwa upande mwingine, ndege huimba zaidi kuanzia Septemba, mvua za vuli zinapokaribia na msimu wa kutaga unapoanza. Wewe barua yako inasema ulikwenda Aprili, saa tano asubuhi. Kwa masharti hayo, ndege wanne ni ushindi.

Nataka kununua darubini ya macho mawili kwa ajili ya safari hiyo. Kuna muuzaji Kariakoo anayo ndogo ya mfukoni iliyoandikwa kwamba inakuza mara 100, kwa bei nafuu. Je, inafaa? (Msomaji, Kinondoni)

Haifai, na hiyo 100 ni maandishi tu. Darubini ya kweli huandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni kipenyo cha kioo cha mbele kwa milimita. Igawe ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25, na huo ndio upana kwa milimita wa mwanga unaoingia jichoni mwako. Ya mfukoni ya 8x21 hukupa 2.6 tu, na msituni utaona kivuli kinachoruka kutoka kwenye kivuli. Ukuzaji wa 10 nao huonekana mtamu dukani, lakini mikono iliyochoka kwa kupanda hutikisika, na kinachotikisika hukuzwa mara 10 vilevile. Nunua 8x42 iliyozibwa dhidi ya maji, hata kama imetumika. Kama fedha haitoshi, nenda bila darubini na umwombe mwongoza njia yake kwa zamu.

Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Iringa. Mwalimu wetu wa biolojia alisema kuna ndege wa Udzungwa aliyegunduliwa ndani ya sufuria ya chakula. Darasa zima lilicheka. Je, ni kweli?

Marahaba, mwanangu, na mwambie mwalimu wako kwamba yuko sahihi. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi katika misitu ya juu, upande wenu wa Iringa. Chakula cha jioni kilikuwa na nyama ya ndege aliyepatikana humo msituni, na baada ya kula, mmoja wao akaona ndani ya sufuria jozi ya miguu ambayo haikufanana na ya kwale yeyote wanayemjua. Baadaye walimpata ndege mwenyewe akiwa hai. Mwaka 1994 alielezwa rasmi, naye akapewa si jina jipya la spishi tu bali jenasi mpya kabisa, yaani kundi jipya la spishi zenye nasaba moja, Xenoperdix, maana yake kwa Kigiriki ni kama kusema "kwale mgeni".

Jina hilo lilimfaa. Ukimlinganisha na kwale wengine wa Afrika, hana ndugu wa karibu. Jamaa zake wa karibu zaidi ni kwale wa misitu ya milima ya Asia. Kwa hiyo ndege yule wa kwenye sufuria ni masalio ya zama za kale sana, ambapo misitu ya Afrika na ya Asia ilikuwa na mawasiliano ambayo leo yamekatwa na jangwa na bahari. Misitu ya Udzungwa imedumu kwa sababu milima hii, pamoja na Usambara, Uluguru, Nguru na mingineyo inayoitwa Milima ya Tao la Mashariki, hupokea unyevu wa Bahari ya Hindi mwaka baada ya mwaka, hata nyakati ambazo sehemu nyingine za bara zilikauka. Kila mlima ukawa kama kisiwa, na kila kisiwa kikalea watu wake. Kwale wengine wa jenasi hiyo walipatikana baadaye katika Milima ya Rubeho, nao wakaelezwa mwaka 2005 kuwa ni spishi ya pekee.

Ninapenda ujue pia kwamba neno "aligunduliwa" hapa lina maana finyu. Wategaji wa vijiji vya juu walikuwa wakimla ndege huyo kabla ya babu wa mtafiti yeyote kuzaliwa. Kilichogunduliwa ni kwamba maktaba za dunia hazikuwa na habari zake. Na si yeye peke yake: mwaka 1979 walitambuliwa nyani wembamba wa Sanje, ambao kitaalamu ni mangabe na hawapatikani nje ya Udzungwa, mwaka 1981 akapatikana katika msitu wa Mwanihana chozi mwenye wekundu bawani, na kipunji, nyani wa jenasi mpya, alionekana mwaka 2003 kule Rungwe na mwaka uliofuata katika msitu wa Ndundulu, humohumo Udzungwa.

Ukitaka kumwona kwale huyo, usiende Mang'ula. Yeye hukaa Ndundulu na Nyumbanitu, katika misitu ya juu, akitembea kwa vikundi vidogo na kupekua majani makavu, na usiku hulala juu ya matawi. Ni safari ya siku kadhaa yenye mahema na vibali. Maliza shule kwanza.

Je, ni vibaya kutumia sauti za ndege zilizorekodiwa kwenye simu ili kuwaita wajitokeze? Waongozaji wengine hufanya hivyo na wageni hufurahi. (Mwongoza watalii, Arusha)

Ndege anayejitokeza hajaja kukusalimu. Amesikia dume mgeni ndani ya mipaka yake na amekuja kupigana, akiacha kula, akiacha kumlisha jike aliye kiotani, na adui mwenyewe haonekani. Mara moja kwa dakika nzima huenda isimdhuru. Lakini katika njia fupi kama ya Sonjo, ambayo kila juma hupitwa na vikundi kadhaa, ndege yuleyule ataitwa mara kumi hadi ahame au azoee na kunyamaza. Uliza masharti ya hifadhi unayoingia, na yanapokuwa kimya, mimi nakushauri simu ikae mfukoni. Sauti iliyorekodiwa ina kazi yake nzuri nyumbani, usiku kabla ya safari, unapojifunza.

Mimi ni mwalimu na mlezi wa klabu ya mazingira, Voi. Udzungwa ni mbali kwa wanafunzi wetu. Je, huku kwetu hakuna chochote cha namna hiyo?

Kipo, tena ninyi ndio mwanzo wake. Milima ya Taita ndiyo ncha ya kaskazini ya Tao lilelile la Mashariki ambalo Udzungwa ni ncha yake ya kusini. Wapelekeni wanafunzi msitu wa Ngangao, karibu na Wundanyi. Yupo humo ndege mwenye kichwa cheusi na mdomo wa rangi ya chungwa, anayechakura majani makavu kama kuku, na mwingine mdogo mwenye mkia mrefu; wote wawili wanaitwa kwa jina la Taita katika vitabu vya dunia nzima, na wote wawili hawapo popote isipokuwa katika vipande vichache vya msitu vilivyobaki katika milima hiyo, kama Ngangao na Mbololo. Mtu wa Mang'ula angepaswa kusafiri kuja kwenu.

Mhariri, mimi ni kijana wa miaka 22, nimezaliwa na ninaishi Mang'ula. Mama yangu zamani aliingia msituni kuokota kuni siku moja kwa juma, kwa ruhusa. Ruhusa hiyo iliondolewa. Sasa ninawaona wageni wanaingia na darubini. Ninaomba kujua kwa nini kuni zikavu zilikatazwa, na kama mimi ninaweza kupata kazi katika jambo hili la ndege.

Swali lako la kwanza lina haki ya kujibiwa bila kuzungushwa. Ruhusa ya kuni ilikoma mwaka 2011. Hoja ya uhifadhi ilikuwa kwamba msitu wa chini, ule unaopakana na nyumba zenu, ulikuwa unachakaa kuliko wa juu, na huo wa chini ndio adimu zaidi, kwa maana sehemu kubwa ya misitu ya bondeni ilishageuka mashamba. Gogo linalooza si takataka. Ndani yake kuna wadudu wanaolisha ndege, na mti mkavu uliosimama unaweza kuwa na tundu analohitaji hondohondo. Jike huingia humo, mlango huzibwa kwa udongo hadi ubaki mwanya mwembamba, naye hukaa gizani majuma mengi akilishwa tunda moja moja na dume. Mti huo ukiangushwa kwa ajili ya jiko, hakuna mwingine wa haraka.

Hoja hiyo ninaikubali. Lakini ninakubali pia kwamba gharama yake haikugawanywa sawa, kwani aliyelipa ni mama yako, aliyeanza kununua mkaa au kutembea mbali zaidi, na aliyefaidika ni pamoja na mimi ninayekuja na darubini mara moja kwa mwaka. Hifadhi zina mpango wa ujirani mwema unaochangia madarasa, zahanati na upandaji wa miti vijijini, na vikao vya kijiji ndipo mahali pa kuuliza umefikia wapi kwenu. Uliza kwa maandishi.

Kuhusu kazi, ndiyo, ipo, ingawa si ya kila siku na si ya kutajirika. Mgeni anayekuja kwa ajili ya ndege hatafuti mtu wa kumbebea begi tu; anatafuta mtu atakayesimama na kusema, "Huyo analia kushoto kwako, juu ya mwembe-mwitu, subiri." Mtu huyo hawezi kuletwa kutoka Arusha. Mang'ula kuna Kituo cha Ufuatiliaji wa Ikolojia cha Udzungwa, kilichoanzishwa mwaka 2006 kwa ushirikiano wa TANAPA, shirika la hifadhi za taifa la Tanzania, na makumbusho ya sayansi ya Trento, Italia. Nenda ujitambulishe, uliza kama wanahitaji wasaidizi wa kazi za porini. Jifunze majina ya Kiingereza na ya kisayansi, kwa sababu hayo ndiyo mgeni aliyoyakariri. Nje ya hifadhi una pia uwanda wa mto Kilombero, upande wa Ifakara, ambako kuna mnana wa Kilombero, ndege wa njano anayefuma kiota chake kwenye matete, aliyeelezwa kitaalamu mwaka 1990 na asiyepatikana penginepo. Wageni wengi humtaka yeye na Sanje katika safari moja, na anayejua ratiba ya zote mbili hupigiwa simu.

Anza bila fedha, pembezoni mwa hifadhi, bila kuvuka mpaka. Saa 12 asubuhi kaa mahali pamoja kwa saa nzima, siku 30 mfululizo, ukiwa na daftari. Andika sauti kabla ya kuandika ndege. Usiku msomee mama yako ulichoandika. Mtu aliyeokota kuni msituni kwa miaka mingi anajua ni ndege yupi hulia kabla ya mvua, yupi humtangulia tembo, na wanaitwaje kwa Kindamba, kwa Kihehe au kwa lugha yoyote ya nyumbani kwenu. Majina hayo, mengi yao hayajaandikwa katika kitabu chochote cha ndege nilichowahi kukishika. Ukifikisha 40, tutumie orodha. Tutaichapisha kwa jina lake na lako.